Sura ya Sita: Ndege Amepita, Ndege Imepita

Tulikuwa wawili kwenye mstari mmoja wa chai juu ya Kapkoros, Bomet, saa nne asubuhi. Kikapu cha mwenzangu, mama mmoja mchumaji, kilikuwa kimejaa nusu, nami sikuwa na kazi ila kuuliza maswali. Upande wa kusini, kule ardhi inakoteremka kuelekea Mara, kulikuwa na nukta nyeusi angani. Nikasema, "Ndege ile inaelekea Keekorok." Mama yule aliitazama kwa muda wa kuchuma vikonyo viwili, akasema, "Huyo hana injini, mwanangu. Anayumba."

Alikuwa sahihi. Nukta ilipokaribia ilikuwa pungu, yule tai mweusi mwenye uso mwekundu, amepotea kidogo kutoka nyika yake.

Kiswahili kimeweka kiumbe na mashine katika neno moja. Vyote ni ndege, na tofauti imebebwa na kiambishi. Ndege amepita: manyoya na damu. Ndege imepita: chuma na mafuta. Kwa karibu nusu karne sasa wahandisi wa Marekani, Urusi, China na Ulaya wamekuwa wakipigania herufi hizo mbili za mwanzo wa kitenzi. Wanataka mashine ya tani ishirini ipite mbele ya rada na askari aliyekaa kwenye kioo aseme: amepita. Nitaziita mashine hizo ndege nyemelezi, kwa kuwa kazi yake ni kunyemelea. Umbo lake linaweza kudanganya sana. Mwendo wake ndio unaoisaliti, kama mama wa Kapkoros alivyosoma nukta ile kwa kuyumba kwake. Ugomvi kati ya umbo na mwendo ndio habari ya sura hii, na mahali ugomvi huo ulipo mkali zaidi ni kwenye mkia.

Kwanza tuijue rada, na kwa hilo hakuna shule nzuri kuliko mvua ya mawe ya Kericho.

Milima hii ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe ya barafu mara nyingi zaidi duniani. Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni siku 132 kwa mwaka. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko mchana, ukakutana na upepo wa mashariki, na wingu likajengeka kwenda juu kwa kasi ya kutisha. Kwa kuwa sisi wenyewe tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari pale Kericho mjini, barafu haina safari ndefu ya kuiyeyusha kabla haijafika kwenye majani. Aliyepoteza mavuno ya wiki mbili kwa dakika kumi za mawe hahitaji kuelezwa hasara yake. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu kurusha roketi za baruti kwenye mawingu hayo, na mwishoni mwa muongo huo zikaja ndege ndogo zilizoruka chini ya tumbo la wingu, pale hewa inapopanda, zikiwasha fataki zenye iodidi ya fedha ili barafu igawanyike iwe vipande vidogo. Mwanasayansi Russell Schnell naye alichunguza majani makavu ya chai yanayooza chini ya miche, akaonyesha kwamba vumbi lake linaweza kuwa mbegu ya barafu. Yaani shamba lenyewe huenda linasaidia kupanda mawe yanayolipiga. Ningependa kubaki na jambo hilo sura nzima, lakini rada inatungoja.

Rada hutuma mawimbi na kusikiliza mwangwi. Tone la mvua ni dogo kuliko wimbi, na kwa vitu vidogo namna hiyo mwangwi hukua kwa namna ambayo akili haiitarajii: ukizidisha kipenyo mara mbili, mwangwi unazidi mara 64. Punje yenye upana wa sentimita moja hurudisha maelfu ya mara zaidi ya tone la milimita mbili. Ndiyo maana wingu la mawe huwaka kwenye kioo cha rada ya hali ya hewa kana kwamba linapiga kelele.

Sasa shika punje moja tu ya barafu, yenye ukubwa wa gololi. Maafisa wa Marekani waliwahi kufananisha kile ambacho rada inaona kwa ndege yao nyemelezi F-22 na gololi ya chuma, na kwa nyingine, F-35, na mpira wa gofu. F-22 tupu, bila mafuta wala silaha, ina karibu tani 20 na urefu wa mita 19. Kubana kitu cha ukubwa huo kiingie katika kivuli cha gololi ni kazi ya ajabu, na hesabu yenyewe haiwahurumii wanaoifanya. Wimbi hufifia likienda na hufifia tena likirudi. Ukipunguza mwangwi wako mara 16, rada itakuona kwa nusu tu ya umbali wa zamani. Ukitaka ikuone kwa moja ya kumi ya umbali, sharti uupunguze mara 10,000. Rada iliyokuwa ikikuona ungali kilomita 400 sasa inakuona ukiwa kilomita 40. Hujatoweka; umenunua dakika chache. Vita vya angani huamuliwa ndani ya dakika hizo.

Dakika hizo hununuliwa kwa umbo kwanza. Rangi na gundi za kumeza mawimbi zipo na husaidia, lakini umbo ndilo linalofanya kazi kubwa, na mfano wake uko wazi kwa yeyote aliyekulia kwenye vilima. Simama asubuhi juu ya Kapkatet utazame ng'ambo ya bonde. Mapaa ya mabati ni mamia na yote yanapigwa na jua lilelile, lakini linalokuchoma macho ni moja. Sogea hatua ishirini, hilo linazima na jingine linawaka. Bati bapa hurudisha mwanga upande mmoja tu. Ukiwa nje ya upande huo, kwako ni giza. Msanifu wa ndege nyemelezi huchukua kila ukingo, kila mlango, kila mshono wa bati lake, akavilaza vyote vielekee pande chache alizozichagua, kisha akaomba Mungu adui asiwe amesimama huko.

Fizikia ya jambo hili iliandikwa Moscow. Pyotr Ufimtsev alichapisha mwaka 1962 kitabu kuhusu jinsi mawimbi yanavyojipinda kwenye kingo za vitu. Wakubwa wake hawakuona hatari kukiachia. Jeshi la Anga la Marekani likakitafsiri mwaka 1971, na katika kampuni ya Lockheed mtaalamu wa hesabu Denys Overholser akaona ndani yake njia ya kukokotoa mwangwi wa ndege nzima kabla haijaundwa. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kukokotoa mikunjo, kwa hiyo ndege iliyotoka ilikuwa ya pembe tupu, kama mawe yaliyochongwa kwa shoka. Ya majaribio iliruka Desemba 1977, na F-117 yenyewe ikaruka Juni 1981.

Haikutaka kuruka. Kila kanuni ya hewa iliyojulikana ilikuwa imevunjwa ili kuiridhisha rada, na bila kompyuta zake nne kuisahihisha muda wote isingekaa angani. Haikupita kasi ya sauti. Haikubeba rada. Ilipewa herufi F, ya ndege za kupigana na ndege nyingine, ingawa isingeweza kupigana na yeyote: ilitoka usiku, ikaangusha mabomu, ikarudi. Hapo bei ya kujificha ilionekana wazi, na ililipwa yote kutoka kwenye mfuko wa wepesi.

Usiku wa tarehe 27 Machi 1999 moja ilianguka karibu na kijiji cha Buđanovci, Serbia. Kikosi cha ulinzi wa anga kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliipiga kwa kombora la S-125, silaha ya Kisovieti iliyoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rada iliyoiona kwanza ilikuwa P-18, ya kizamani, yenye mawimbi marefu ya karibu mita mbili. Wengi walisema siku zile kwamba unyemelezi umekufa. Haukufa, ila somo lake lilikuwa kali, na linatufikisha kwenye mkia.

Ndege ya kawaida ina pezi la wima nyuma. Chukua vipande viwili vya bati bapa, uvikutanishe kama ukuta na sakafu. Mwanga ukiingia kwenye kona hiyo hupiga kimoja, ukaruka hadi cha pili, ukarudi ulikotoka, na hata ukisogea kushoto au kulia utakufuata. Mashua ndogo hutundika kona kama hizo mlingotini makusudi, ili meli kubwa zizione kwenye rada. Pezi likisimama wima juu ya bawa bapa, ndege imejitundikia taa ya namna hiyo. Dawa ya kwanza ni kulilaza pezi lisifanye pembe mraba, na ndiyo maana mapezi ya F-22 na F-35 yameinama nje. Dawa hiyo inatosha kwa rada zenye mawimbi mafupi ya sentimita chache. Kwa mawimbi ya mita mbili, pezi la mita mbili ni jambo jingine kabisa. Wimbi linalolingana na kitu hukitikisa chote kwa pamoja, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, na hapo kuinama hakusaidii kitu. Unaweza kulipaka, kulilaza, kulichonga. Rada ya babu itaendelea kuliona.

Lililobaki ni kulikata.

Lakini pezi halikuwekwa kwa mapambo. Wazee wa Kipsigis waliofunga manyoya kwenye mishale yao waliijua kazi hiyo: mshale usio na manyoya hupinduka njiani ukaruka kiubavu. Mkia huirudisha pua kila inapotoroka, na usukani ulio juu yake huielekeza pua kushoto au kulia pale rubani anapotaka. Anayekata kona kali huinamisha bawa moja, huvuta pua juu, na ndani ya sekunde hizo ndege yote inataka kuteleza kiubavu. Mkia ndio unaoizuia. Uukate, na ndege inakuwa baiskeli ya gurudumu moja.

Ugomvi huu uliwahi kupelekwa mbele ya waamuzi. Mwaka 1990 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na ndege mbili mezani. YF-23 ya Northrop na McDonnell Douglas ilikuwa na mapezi mawili tu nyuma, mapana, yaliyolala sana, yakifanya kazi ya mkia wa wima na wa ulalo kwa pamoja. YF-22 ya Lockheed, Boeing na General Dynamics ilikuwa na manne, pamoja na midomo ya injini inayoinama juu na chini hadi nyuzi 20 ili moto wenyewe uisukume pua. Wachambuzi wengi wanakubaliana kwamba ya kwanza ilikuwa na kasi zaidi na ilijificha vizuri zaidi, na ya pili ilikuwa nyepesi zaidi kugeuka. Tarehe 23 Aprili 1991 ikachaguliwa ya pili. Kwangu uamuzi ule ulikuwa wa watu waliokuwa bado wanakumbuka Vietnam, ambako ndege zilizotegemea makombora peke yake zilijikuta zimekamatwa kwa karibu. Sidhani walikosea, ila YF-23 ndiyo iliyokuwa ikitazama mbele.

Northrop hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza ndege za kivita ambazo Wakenya wamezizoea, F-5 za Nanyuki, zilizoanza kuwasili mwaka 1978. Hizo ndizo zilizotumwa Somalia katika Operesheni Linda Nchi mwaka 2011. F-5 ni nyemelezi wa zama nyingine. Tupu ina tani nne na kitu, mabawa yake ni mita nane ncha hadi ncha, na kwa mbele ni nyembamba kama mkuki. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliitumia kuwa adui wa mazoezi katika shule yake ya Top Gun, kwa kuwa marubani wa ndege kubwa walichelewa kuiona kwa macho, na ilikuwa inageuka mikononi mwao kama samaki. Rada, hata hivyo, huiona bila shida. Mwenye tani nne anaonekana, mwenye tani ishirini haonekani, na atakayeelewa jambo hilo moja ameelewa sehemu kubwa ya usanifu wa ndege za leo.

Kuruka bila mkia kulijaribiwa kwa makini mwaka 1997, NASA na McDonnell Douglas walipoirusha X-36, ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, yenye asilimia 28 ya ukubwa wa ndege kamili. Iliruka mara 31. Badala ya usukani ilikuwa na vibao kwenye ncha za mabawa vinavyofunguka juu na chini kama mdomo. Ukifungua wa kushoto, hewa hulikamata bawa la kushoto na pua ikaelekea huko. Mdomo wa injini nao uliweza kusukuma kando. Kompyuta ilisahihisha mara nyingi kila sekunde, haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote. Na ilikata kona vizuri. B-2, ndege ya mabomu iliyoruka mara ya kwanza Julai 1989, ilikuwa tayari ikitumia vibao vya namna hiyo, lakini B-2 ni meli. Haigeuki kwa ghafla.

Kuna mambo mawili ambayo hayatoki kichwani mwangu kila ninaposikia ndege isiyo na mkia ikisifiwa. La kwanza ni kwamba vibao hivyo vikifunguka, umbo lililopangwa kwa miaka limevunjwa: kingo mpya zimejitokeza, bati limepata upande mwingine wa kuwakia. Kila kona hujifichua kidogo. La pili ni hewa. Pale Kericho mjini hewa imepungua karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, na mgeni kutoka pwani hulijua hilo kifuani akipanda ngazi. Kilomita 15 juu, hewa iliyobaki ni chini ya moja ya tano. Vibao havina cha kukamata huko. Injini inayosukuma kando ndiyo inayobaki, nayo ina uzito, ina joto, na joto huonekana kwa macho ya aina nyingine.

Pamoja na hayo, wakubwa wameamua. Tarehe 26 Desemba 2024 watu wa Chengdu, China, walipiga picha mchana kweupe ndege kubwa ya injini tatu isiyo na pezi hata moja. China haikuitaja jina, wachambuzi wakaiita J-36. Tarehe 21 Machi 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba Boeing itatengeneza F-47, na picha zilizotolewa zilionyesha pua zaidi ya kitu kingine, kwa hiyo mkia tunauachia kalamu za wachambuzi. Uingereza, Japani na Italia, waliokubaliana Desemba 2022 kuunda yao kwa ajili ya mwaka 2035, wameonyesha mifano yenye mapezi mawili yaliyolala. Ugomvi wa 1991 umehamia mezani kwa wengine.

Wapo wanaosema kugeuka kumepitwa na wakati: kombora hugeuka kwa niaba ya rubani, na mshindi ni aliyeona kwanza. Mimi sikubali moja kwa moja. Hoja hiyo inamfikiria mnyemelezi anayemkabili asiye mnyemelezi. Wakikutana wanyemelezi wawili, kila mmoja gololi kwa mwenzake, wataonana wakiwa wamekwisha karibiana, na hapo atakayeigeuza pua yake kwanza atakuwa na la kusema. Kadiri kila upande unavyojificha vizuri zaidi, ndivyo mapigano yanavyorudi karibu.

Hayo yananirudisha kwa pungu. Ukimwona akipita juu yako utadhani amekatwa: mkia ni mfupi mno hivi kwamba miguu yake huchomoza nyuma yake. Mabawa ni marefu, karibu mita 1.8 ncha hadi ncha. Huruka chini na kwa kasi, akitafuta mizoga na wanyama wadogo siku nzima, akipiga mabawa mara chache sana. Kwa kuwa hana usukani, hujielekeza kwa kuinamisha mwili kushoto, kulia, kushoto tena, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Kuyumba kule alikokuona mama ndiko kuendesha kwenyewe. Na jambo linalonishangaza kuliko yote katika kiumbe huyu ni makinda. Pungu mchanga ana mkia mrefu. Kila anaponyonyoka manyoya na kuota mapya, mkia hupungua, hadi anapokuwa mtu mzima anabaki na ule ufupi. Anaanza na ndege tulivu ya mwanafunzi, na mkia unaondoka kadiri ubongo unavyojifunza kazi yake. Wahandisi walipitia njia hiyohiyo: waliupunguza mkia kadiri kompyuta zilivyokua. Tangu mwaka 2020 pungu amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sumu inayowekwa kwenye mizoga hasa.

Nilimweleza mama wa Kapkoros haya yote, au mengi yake, tukipanda mstari. Alisikiliza bila kuacha kuchuma. Kisha akauliza, "Na hiyo ya injini isiyo na mkia, ikikata kona haiyumbi?"

Nikamwambia inataka kuyumba muda wote, ila kompyuta huizuia kabla jicho halijaona.

"Na ikinyeshewa na mawe?"

Nilimjibu ninachokijua. Mwaka 1997 wakaguzi wa serikali ya Marekani waliripoti kwamba ngozi ya B-2, ndege iliyogharimu karibu dola bilioni mbili kila moja, ilikuwa ikiharibiwa na mvua na unyevu, na ilihitaji banda lenye hewa iliyodhibitiwa kila irudipo. Matengenezo yamepunguza tatizo tangu wakati huo, lakini ngozi inayomeza mawimbi bado ni ngozi ya kudekezwa.

Akatazama magharibi. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeanza kusimama, jeupe juu, tumbo la kijivu. Ilikuwa karibu saa sita. Akanipa upande mmoja wa kikapu niushike, tukateremka kwenda kupima majani kabla wingu halijafika.